Dada Gumba wa Nyumba ya Maganda

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amemshika kaa kwa nyuma, pale magando yasipofika, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimelikandamiza ganda la mgongoni kama mtu aliyebonyeza kengele ya mlango na sasa anasikiliza nani ataitika ndani.

Msimamizi alinileta hadi mlangoni, akasema, "Mtu mpya huyu, mfundishe," akatazama saa ya mkononi, akaenda zake. Ndiyo maana tulimwita Bwana Saa. Yule mwanamke hakuinua macho. Alimrudisha kaa wake kwenye boksi, akanyoosha mkono upande wangu, akasema, "Kaa."

Nikaangaza huku na huku, nikaona ndoo iliyopinduliwa, nikakaa.

Wanawake wawili waliokuwa wakisuuza maganda kwenye beseni waliangua kicheko mpaka mmoja akashika ukuta.

"Jamani, mgeni kajikaribisha!"

"Mletee na mto basi, aegemee!"

"Nimesema kaa," yule mwanamke akaniambia, bila kucheka. "Huyo kwenye ndoo nyingine, karibu na mguu wako. Nakuomba kaa, wewe unanikalia!"

Nikainuka kwa haraka nikagonga kichwa kwenye rafu. Hapo naye akacheka.

Sikuwa kijana. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Lakini nimezaliwa na aibu kama wengine wanavyozaliwa na alama usoni, na siku ile sikutamka neno mpaka mchana. Mchana akaniuliza jina. Nikalitaja. Akasema, "Nini?" Nikalitaja tena, chini zaidi ya mara ya kwanza.

"Basi yaishe," akasema. "Wewe ni Kimya."

Jina hilo limeniganda kuliko lile nililopewa na mama yangu.

Yeye aliitwa Gumba. Nilidhani ni kwa sababu ya kidole chake, na ni kweli, lakini ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine niliisikia kwa wanawake wa beseni siku aliyokuwa hayupo: aliolewa, akakaa kwa mume miaka tisa, hakuzaa. Mgumba. Walipoanza kumwita hivyo walitaka limchome. Yeye akalipokea mikono miwili. "Gumba ndilo jina langu," aliwaambia. "Mkono usio na gumba utashika nini? Hata mwiko utawaponyoka." Wakaona aibu, wakaongeza Dada mbele yake, na tangu hapo akawa Dada Gumba kwa kila mtu, hata kwa Bwana Saa.

Nyumba ya kazi ilikuwa ndefu kama behewa, paa la bati, sakafu ya saruji isiyokauka mwaka mzima. Kila upande kulikuwa na rafu za maboksi meusi ya plastiki yenye matundu, na kila boksi lilikuwa na kaa mmoja, kwa sababu kaa wawili kwenye boksi moja ni kaa mmoja na chakula chake. Maji ya chumvi yalipita kwenye mipira juu, yakateremka boksi kwa boksi, yakidondoka kutwa nzima. Kazi yetu ilikuwa kungoja. Kaa akikua, ganda halikui naye. Inafika siku linapasuka kwa nyuma, anatoka kinyumenyume, laini kama ulimi, na ganda lake la zamani analiacha zima, na kila mguu mahali pake, hata ukiliona unadhani ni kaa amelala. Huyo laini tulimtoa tukamweka kwenye barafu, akaenda kwa watu wanaomla mzima bila kutema kitu. Lakini sharti umtoe ndani ya saa chache. Ukichelewa, anakuwa kama ngozi, kisha kama ukucha, na jua likitua ameshakuwa kaa kama kaa wengine.

Maganda hayakutupwa. Yalisuuzwa, yakaanikwa kwenye turubai, yakasagwa katika chumba cha nyuma kuwa unga wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja, dirisha dogo, na feni ya kuvutia vumbi nje. Vumbi lake lilikuwa jeupe lenye wekundu kwa mbali. Ukitoka humo unalikuta kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo, na ukilamba midomo unaonja chumvi.

Dada Gumba alifanya kazi zote mbili, maboksi na kusaga. Wiki ya kwanza alinipa ganda tupu nilishike.

"Watu husema ganda la kaa kana kwamba ni kitu kimoja," alisema. "Hebu hesabu."

Nikahesabu mpaka nikapotea.

"Umeona. Mgongoni bamba moja kubwa. Tumboni mabamba yamepangwa kama vigae. Mguuni kila pingili na bamba lake. Na kati ya bamba na bamba kuna nini?"

"Ngozi," nikasema.

"Ngozi laini. Hapo ndipo anapokunjia mguu. Na hapo hapo ndipo kisu kinapoingia. Angefungwa kote asingekula wala asingetembea." Akalichukua ganda lake. "Kila mwenye ganda ana mahali pa kumchomea, Kimya. Wewe pako bado napatafuta."

Nikainamia maboksi. Masikio yaliwaka moto.

Kidole chake kilikuwa kama saa. Sisi wengine tulitazama rangi ya mabamba ya tumboni, tukabahatisha. Yeye alibonyeza ukingo wa bamba la mgongo, pale linapokutana na ubavu, akasema, "Huyu kesho kabla ya mchana," na kesho yake kabla ya mchana kaa alikuwa nje ya ganda. Nikimuuliza anasikia nini, anasema, "Linaanza kuniitikia." Hakuwa na maneno zaidi ya hayo.

Wapo kaa walioshindwa kutoka. Ganda linapasuka nusu, mwili umeshavimba, gando moja limekwama ndani, na bamba la zamani linamkaba. Tulisema huyo amefungwa. Aliyefungwa hupiga miguu, hutulia, hupiga tena, kila mara kwa nguvu kidogo kuliko mara iliyopita. Dada Gumba, aliyeweza kumfukia kaa hai kwenye barafu huku akisimulia ugomvi wa majirani, hakuweza kumtazama aliyefungwa. Aligeuza uso. "Mtoe huyo, Kimya. Mtoe machoni pangu."

Nilijua habari zake kidogo kidogo, kwa miaka, kama mtu anayekusanya chenga za sabuni. Asubuhi moja alirudi kutoka kuchota maji akakuta mama mkwe amemwekea sanduku lake nje ya mlango. Hakuna aliyemtukana. Mume alikuwa ndani, anasikika anakohoa. Alijitwika akapita nalo barabara nzima mchana kweupe, watu wamesimama milangoni.

"Sanduku halikuwa zito," aliniambia. "Macho ndiyo yalikuwa mazito."

Siku ya tatu akaja kuomba kazi kwenye nyumba ya maganda, na hakutoka tena. Dada yake alipofariki alimchukua mtoto wake wa kike, akamlea kwenye chumba kimoja chenye pazia la kijani, na yule binti akakua akimwita mama.

Jumapili nilikwenda kuwatengenezea mlango. Bawaba zilikuwa zimelegea kweli, mara ya kwanza. Mara ya nne binti, ambaye tayari alikuwa mwanamke mzima na cherehani yake dirishani, aliacha kushona akanitazama.

"Mjomba Kimya, mlango huu una ugonjwa gani usiopona?"

"Unyevu," nikasema.

"Unyevu!" Akamgeukia mama yake. "Mama, umesikia? Mlango una unyevu. Labda uolewe tu, ukakae pakavu."

Dada Gumba alimtupia kitambaa, lakini niliona anabana midomo asicheke. Ukutani nyuma yake alikuwa ametundika ganda zima la kaa mkubwa kwenye msumari. Lilitugeuzia uso, na mahali pa macho palikuwa na matundu mawili.

Nilikuwa na sentensi. Niliitengeneza njiani, ilikuwa na maneno manane: Dada Gumba, mimi nawe tungeweza kuishi nyumba moja. Niliibeba miaka mitatu. Kila nilipofika mlangoni nilichukua bisibisi badala yake.

Mwaka wa tano nilianza kusikia kikohozi. Mwanzo kilikuja akiwa kwenye chumba cha kusagia tu, kikaisha akitoka. Kisha kikaanza kumfuata mpaka kwenye maboksi. Wanawake wa beseni walisema ni baridi ya maji. Mchana mmoja nilimkuta bombani, nyuma ya chumba kile, ameinama, mikono imeshika magoti, pumzi zinapiga mluzi kama birika. Aliponigeuzia uso midomo yake ilikuwa na rangi ile ya viungo vya magando, bluu isiyo na uhai.

"Dada Gumba, nimwite Bwana Saa?"

Akatikisa kichwa. "Kaa kimya."

Niliogopa, na mwoga husema upuuzi. Nikasema, "Unaniita au unaninyamazisha?"

Akacheka, kicheko kikamgeuka kikawa kikohozi. Alipopata pumzi akasema, "Vyote viwili. Kaa hapa, Kimya, na ukae kimya."

Ulikuwa mzaha wetu baada ya hapo. Kifua kikimbana ananitazama juu ya maboksi, anasema, "Kaa kimya," nami najua ni nini: nisogee karibu, nisiite mtu. Mara nyingine alisema hivyo hivyo akinitaka nimpe kaa kutoka kwenye ndoo, kunikumbusha siku ile ya kwanza. Tulikuwa tunacheka. Naandika hili niamini mwenyewe kwamba tulikuwa tunacheka.

Nilimsindikiza zahanati. Nilikaa kwenye benchi nje, na ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, nikasikia daktari.

"Ni vumbi la hayo maganda. Kila ukilivuta kifua kinajifunga. Leo kinafunguka kwa dawa hii. Itafika siku kitajifunga na hakitafunguka. Toka huko, mama. Sikutishi, nakuambia."

Akatoka na kichupa cha dawa ya kuvuta. Tulitembea mpaka kona ya pili.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Hukusikia."

"Lakini Dada Gumba..."

"Bwana Saa akijua, kesho sanduku liko mlangoni. Mgonjwa atamweka wa nini? Nimelibeba mara moja mbele za watu, Kimya. Mara ya pili silibebi. Afadhali nibebwe mimi."

Hapo ndipo sentensi yangu ilipopaswa kuingia. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango usio na bawaba. Nikasafisha koo, nikasema, "Naona mvua inakuja."

Akatazama juu. Hakukuwa na wingu. "Haya," akasema. "Tuwahi basi."

Nilichoshindwa kukisema nikajaribu kukifanya kwa mikono. Zamu zake za kusaga nilizichukua kila nilipoweza. Zamu ambazo sikuweza, niliamka mapema nikanyunyizia maganda maji yasitoe vumbi. Kwa miezi kadhaa ilisaidia, alikohoa kidogo. Kisha unga mbichi ukaganda kwenye mashine, ukanuka, na Bwana Saa akatukusanya sote mbele ya turubai.

"Nani anamwaga maji kwenye maganda?"

Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa kwa aliye juu, nilikuwa nimefungua.

"Mimi," akasema Dada Gumba. "Yalikuwa na mchanga, nikayasuuza mara ya pili."

"Kuanzia leo yasagwe makavu," akasema Bwana Saa. "Makavu kama mfupa."

Na yakasagwa makavu.

Baada ya hapo kidole kikaanza kukosea. Alisema kesho, kaa akatoka leo, tukamkuta ameshakuwa mgumu. Alisema mchana, tukafungua boksi tukakuta amefungwa, amekufa, magando yamo ndani ya magando. Watatu kwa wiki moja. Nilimwona amesimama mbele ya rafu anakitazama kidole chake kama mtu anayemtazama mtoto aliyemdanganya. Nadhani pumzi zilikuwa zinamshughulisha. Huwezi kusikiliza mlango wa mwenzio huku unagongewa wa kwako.

"Ganda limekuwa halinijibu," aliniambia.

"Utapumzika, litajibu."

"Wewe tangu lini unajua kusema uongo?" Akanipiga kofi dogo begani. "Njoo. Namba thelathini na saba. Mbonyeze."

Namba thelathini na saba alikuwa kaa mkubwa kuliko wote, bamba la mgongo pana kama sahani, lina kovu. Nikabonyeza. Halikusogea hata kidogo.

"Ukuta mtupu," nikasema.

"Hapana," akasema Dada Gumba. Akaweka gumba lake juu ya langu, akasukuma. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Alhamisi. Huyu sikosei. Alhamisi kabla ya mchana."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne feni ya chumba cha kusagia iliharibika. Bwana Saa akasema fundi atakuja kesho. Jumatano akasema fundi atakuja kesho.

Alhamisi asubuhi tulikuta maganda yamerundikana mpaka dirishani, na mwenye kuku alitaka magunia yake siku hiyo. Zamu ya kusaga ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshafunga kitambaa puani. Bwana Saa akaja, akatazama saa.

"Kimya abaki kwenye maboksi. Kidole cha Dada Gumba siku hizi kinatutia hasara. Yeye akasage."

Hakusema kwa ubaya. Hakujua. Sisi wawili ndio tuliojua, na mmoja wetu alikuwa na mdomo.

Nilimtazama Dada Gumba. Alikuwa ng'ambo ya rafu, nikimwona kwenye mwanya kati ya boksi na boksi. Watu wakitaka unyamaze huweka kidole cha shahada mdomoni. Yeye aliweka gumba. Nikatazama chini. Nikamsikia anaburuta viatu vya mpira kwenye saruji, mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa, mashine ikawaka.

Mashine ya kusaga ganda ina sauti mbili. Ikiwa na maganda ndani inanguruma kwa vipande, kama mtu anayetafuna karanga. Ikiwa tupu inalia sauti moja nyembamba, haikatiki. Nilikuwa nakagua maboksi, sikio liko nyuma. Ilitafuna. Ilitafuna. Lori la barafu likaja, dereva akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akaanza kushusha vipande huku injini inawaka, akitaniana na wanawake wa beseni. Nilikuwa rafu ya tatu. Mashine ikaacha kutafuna.

Nilingoja. Nilijiambia anajaza karai. Ile sauti nyembamba ikaendelea, ikaendelea.

Nilipofungua mlango wa nyuma sikumwona kwanza, kwa vumbi. Nikazima mashine. Alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea gunia, miguu imenyooka mbele kama mtoto anayecheza. Alikuwa mweupe kote, nywele, kope, shingo. Midomo tu ndiyo ilikuwa na rangi. Kichupa cha dawa kilikuwa mkononi, anakibonyeza kwa lile gumba, na hakikutoa kitu. Kifua kilikuwa kinapanda hakishuki. Mluzi haukuwepo. Ningeupenda ule mluzi.

Nikapiga magoti. Upande wa pili wa ukuta lori lilikuwa linanguruma. Dereva yule angemfikisha zahanati kabla barafu haijaanza kutoa maji. Ilikuwa kuita tu. Nilivuta pumzi nimwite.

Dada Gumba akanishika mkono wa shati, hapa karibu na kiwiko, akavuta. Akasema maneno mawili. Sauti haikuwepo, ilikuwa midomo na hewa kidogo.

Nikayafuata kama nilivyokuwa nikiyafuata miaka miwili. Nilimshika, kichwa chake nikakiegemeza kwangu, nikamfuta vumbi usoni kwa kitambaa changu. Nilimwambia, "Kinafunguka, kinafunguka, ngoja." Ile sentensi yangu ya maneno manane nikamwambia yote, sikioni. Sijui kama aliisikia. Niliona miguu yake inapiga sakafu, inatulia, inapiga tena, na kila mara kwa nguvu kidogo kuliko mara iliyopita, na mimi, niliyewatoa kaa mamia wa namna hiyo kwenye maboksi, nilikuwa natazama na sikuelewa ninachokitazama.

Nje dereva alipiga mluzi wa kuaga, akafunga mlango, lori likaondoka. Nilisikia gia ya kwanza, gia ya pili, mpaka barabarani.

Ndipo nikapiga kelele. Wanawake wa beseni waliniambia baadaye hawakujua ni nani anayelia, kwa kuwa sauti hiyo hawajawahi kuisikia.

Bwana Saa alikimbia mwenyewe mpaka barabarani, akasimamisha gari la watu, tukambeba. Mimi nilishika upande wa kichwa. Tulipita naye mbele ya maduka, mchana kweupe, watu wamesimama milangoni. Zahanati, daktari aliweka kidole shingoni mwake, akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni nilirudi kufunga nyumba, kwa sababu nilikuwa na ufunguo. Nikafungua namba thelathini na saba. Alikuwa ametoka kwenye ganda lake lote, safi, hakuna hata ukucha uliokwama. Ametoka Alhamisi kabla ya mchana, na hakuna aliyemtoa. Nikabonyeza mgongo wake mpya. Ulikuwa umeshakaza.

Baada ya mazishi binti alinikalisha kwenye kile chumba chenye pazia la kijani, chini ya lile ganda la ukutani. Wanawake wa beseni walikuwepo. Akaniuliza, "Mjomba, wewe ndiye uliyekuwa naye. Mama alikuambia nini mwisho?"

Nikamwambia.

Mwanamke mmoja wa beseni akasema papo hapo, "Masikini, alikuwa anakutuma kwa yule thelathini na saba. Mpaka mwisho, kazi." Mwenzake akasema, "Kazi gani! Alikuwa anamwomba asimwache peke yake. Nani hataki mtu, saa kama ile?" Walibishana kidogo, kwa upole, kama watu wanaopanga vyombo vya marehemu.

Binti hakubishana. Alinitazama mpaka wale wengine wakanyamaza.

"Na wewe, Mjomba, wewe ulisikia nini?"

Nikasema nilisikia lile alilokuwa akiniambia kila siku. Nikasema ndiyo maana sikumwita dereva.

Akainuka. Halafu akaenda dirishani, akakaa kwenye cherehani yake, akanipa mgongo, akaanza kukanyaga, na hakukuwa na kitambaa chini ya sindano.

Sasa ni miaka kumi na moja. Mlango wa chumba kile naambiwa umelegea tena, na kuna fundi mwingine. Nilisoma mpaka darasa la saba, na katika yote niliyofundishwa nakumbuka hili la mwalimu wa Kiswahili: mkato ni mahali pa kuvuta pumzi. Ukiweka mkato, neno ni jingine. Usipoweka, ni jingine. Na herufi ikiwa kubwa ni jina la mtu, ikiwa ndogo ni hali tu. Lakini mtu ambaye pumzi zimekwisha ataweka wapi mkato? Nimejaribu kuuweka mimi kwa niaba yake, nikauondoa, nikauweka, miaka yote hii. Sina haki hiyo. Kwa hiyo nayaandika kwa herufi kubwa zote, bila mkato, kama yalivyonifikia pale chini kwenye vumbi, naye amenishika shati:

KAA KIMYA